Choo kinacholia usiku: uchambuzi wa kisa cha stima katika nyumba moja ya Malindi

Nyumba yenyewe

Nyumba hii iko Malindi, mahali ambapo usiku ukitulia mawimbi husikika. Ni ya mawe, vyumba vitatu, imeezekwa mabati bila dari, na jiko liko nyuma upande wa uani. Wanaishi humo watu saba: nyanya, binti yake na mumewe, na watoto wanne ambao mkubwa wao yuko sekondari. Kila kinachoweza kuwatambulisha kimeondolewa. Hesabu za uniti zimeachwa kama zilivyoandikwa kwenye daftari lao.

Maji ya kuoga na kufulia hutoka kwenye kisima cha uani. Yana chumvi, kama ya visima vingi vya mwambao, na husukumwa na pampu ya wati 750 hadi tangi la lita 1,000 lililoinuliwa juu ya nguzo. Tangini mna boya: maji yakishuka pampu hujiwasha, yakijaa hujizima. Ya kunywa hununuliwa kwa madumu. Kwa hiyo nyumba haina bili ya maji, na jambo hilo lina nafasi yake katika kisa hiki.

Jikoni kuna friji ya zamani, imebanwa kati ya ukuta na meza ya jiko la gesi. Ukumbini kuna friza ya kulala, iliyonunuliwa mkononi ili mama auze barafu wakati wa Ramadhani, saa zile ambazo kila nyumba hutafuta barafu ya sharubati ya futari. Sikukuu ilipita, friza ikabaki imewashwa. Mwezi wa Mei ilikuwa na mifuko miwili ya nazi iliyokunwa, kuku mmoja na barafu isiyo na mnunuzi.

Malalamiko yao yalikuwa haya: tokeni ya shilingi 1,000 (stima ya kulipia kabla), yaani uniti 33 hivi, ikinunuliwa Jumapili asubuhi, Ijumaa mita inalia kwamba uniti zinakwisha.

Hatua za kwanza, na kisa cha nguru

Familia ilianza pale ambapo karibu kila mtu huanza, kwenye taa na chaja. Balbu nane zilikaguliwa, tano zikakutwa tayari ni za LED, tatu zikabadilishwa. Watoto wakakatazwa kuacha chaja ukutani. Televisheni ikazimwa saa mbili na nusu usiku, na hilo likaleta manung'uniko ya wiki nzima. Tokeni iliyofuata ikaisha Ijumaa ileile.

Chaja ya simu iliyoachwa kwenye soketi bila simu hula chini ya nusu wati. Ukiziacha tano mwezi mzima hazifikishi uniti 2. Si kosa kuzichomoa, ila nyumba iliyogombana kwa ajili ya chaja ilikuwa imeshachoka kabla haijafika kwenye tatizo.

Baba akaamua kuzima friji kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa "usiku hakuna anayeifungua". Usiku wa tatu kulikuwa na vipande vya nguru vilivyonunuliwa mchana. Siku ya pili vikapikwa mchuzi wa nazi, havikuwa na harufu mbaya. Nusu saa baada ya kula, nyanya na watoto wawili wakaanza kusikia joto usoni, mwili kuwasha, kichwa kugonga na moyo kwenda mbio. Walipelekwa zahanati, wakapewa dawa, na jioni walikuwa wazima.

Jambo hili linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu wengi hudhani moto husafisha kila kitu. Nguru na jodari ni samaki wa jamii ambayo nyama yake, ikikaa kwenye joto, bakteria huigeuza sehemu kuwa histamini, kemikali inayoleta dalili kama hizo. Histamini haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kugandisha. Samaki anaweza kuonekana mzuri na kunukia vizuri huku ameshaharibika. Friji inatakiwa ikae nyuzi 4 au chini. Friji nzima iliyofungwa na kujaa hustahimili kukatika kwa stima kwa saa nne hivi. Hii ilikuwa inazimwa saa saba, katika jiko lenye joto, na mlango usioshika.

Na hata stima haikuokoka sana. Ikiwashwa alfajiri, friji hunguruma mfululizo kurudisha ubaridi uliopotea, kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichookolewa usiku hulipwa asubuhi.

Kuhesabu

Baada ya hapo aliitwa fundi wa stima. Hakugusa kitu siku ya kwanza. Alitaka kujua mambo mawili: mita inasoma sawa, na ni chombo gani kinakula nini.

La kwanza ni rahisi. Alizima swichi kuu akasimama mbele ya mita dakika tano. Taa ndogo nyekundu ya mita haikupepesa hata mara moja, maana yake hakuna stima iliyokuwa ikipita bila kujulikana. Ingepepesa, ingebidi kutafuta waya uliounganishwa kabla ya swichi kuu, na hiyo ni kazi ya kuripotiwa kwa shirika la umeme, si ya kujaribiwa nyumbani.

La pili lilitumia taa hiyohiyo. Kwenye uso wa mita hii kumeandikwa 1000 imp/kWh, yaani taa hupepesa mara 1,000 kwa kila uniti. Kwa mita ya aina hiyo, pepeso moja kwa dakika ni sawa na wati 60. (Mita nyingine zimeandikwa 1600, hapo pepeso moja kwa dakika ni wati 37.5. Soma uso wa mita yako kwanza.) Vyombo vyote vikachomolewa, kisha kikachomekwa kimoja kimoja, mtoto wa sekondari akihesabu kwa saa ya simu. Feni moja: pepeso 1. Pasi: 20. Birika la stima: 25. Pampu: 13. Televisheni na dekoda yake: 3 kwa dakika mbili.

Nyumba ambayo mita yake iko juu ya nguzo, na ndani kuna kidude cha kubonyeza tu, haiwezi kuhesabu pepeso kwa urahisi. Hao wasome uniti zilizobaki saa ileile kila siku, wachomoe chombo kimoja kwa siku nzima, walinganishe.

Friji na friza hazipimwi kwa dakika, kwa sababu hujiwasha na kujizima. Fundi aliagiza mita isomwe saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Ilikuwa Juni, kusi inavuma, na usiku huo hakuna aliyehitaji feni. Kila kitu kilizimwa isipokuwa friji, friza na pampu.

Asubuhi daftari likaonyesha uniti 1.2 zimekwenda. Balbu ya LED ya wati 7 ingewaka siku saba usiku na mchana kwa uniti hizo. Hapa zilitumika usiku mmoja, watu wote wamelala.

Baada ya wiki moja ya kusoma, mgawanyo wa siku ulikuwa hivi: friza uniti 1.7, friji 1.5, feni tatu 1.0, pampu 0.7, televisheni na dekoda 0.4, birika 0.3, taa 0.2, pasi 0.2. Jumla 6 kwa siku, 180 kwa mwezi. Friza na friji peke yao ni zaidi ya nusu. Taa, zilizoanza kushughulikiwa, ni sehemu moja ya thelathini.

Choo

Pampu ilimtatiza fundi. Uniti 0.7 ni dakika 54 za kusukuma maji kila siku. Alipima kwa ndoo na saa: pampu ile, iliyochakaa kwa chumvi, ilitoa lita 25 kwa dakika. Dakika 54 ni lita 1,350. Familia ilipohesabu ndoo zake haikufika lita 600.

Nyanya, aliyekuwa ameketi barazani akichambua mchele, akamwambia, "Mwanangu, choo hiki chalia usiku kucha."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kabla ya mfungo. Na hiyo pampu huamka kabla ya adhana. Mimi huisikia."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Yeye ndiye hulala kidogo kuliko wote, na chumba chake kinapakana na choo.

Fundi aliomba rangi ya biriani, akatia nusu kijiko ndani ya tangi la choo, akasema choo kisiguswe dakika thelathini. Waliporudi, maji ya bakulini yalikuwa ya manjano. Kizibo cha mpira kilicho chini ya tangi la choo kilikuwa kimekauka na kupinda, na pale kinapokalia pameota ukoko mweupe wa chumvi. Maji yalipita polepole, mchana na usiku, boya la tangi la juu lilishuka, pampu ikaamka. Kwenye nyumba yenye bili ya maji uvujaji ungeonekana mwisho wa mwezi. Hapa ulijificha ndani ya bili ya stima.

Maamuzi na sababu zake

Friza ilizimwa. Mama alikuwa na shaka, kwa sababu ni chombo chake cha biashara, na shaka hiyo ilisikilizwa. Waliweka mahesabu mezani: uniti 1.7 kwa siku ni takriban uniti 51 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 1,500 kwa bei waliyokuwa wakilipa. Kwa Ramadhani, barafu hurudisha fedha hizo na faida juu. Kwa miezi kumi na moja mingine, friza ilikuwa inagandisha nazi. Ikaamuliwa iwashwe wiki moja kabla ya mfungo na kuzimwa baada ya Sikukuu.

Friji ilibaki, ikarekebishwa. Jaribio la karatasi: funga mlango juu ya karatasi, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira haushiki pahali hapo. Upande wa juu na wa bawaba karatasi ilikaza. Upande wa chini ilitoka kama iliyowekwa hewani. Mpira ulioshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukakandwa kwa kitambaa cha maji moto ili urudi umbo lake. Wakati mwingine hiyo inatosha. Hapa haikutosha, kwa kuwa mpira ulikuwa umepasuka pembeni, ukabadilishwa. Kununua na kufunga kuligharimu shilingi 1,800.

Kisha friji ikahamishwa. Ilikuwa hatua mbili kutoka moto wa gesi na mgongo wake umegusa ukuta. Mabomba meusi ya nyuma ndiyo yanayotoa joto lililovutwa kutoka ndani. Yakikosa hewa, mashine hufanya kazi muda mrefu zaidi. Iliwekwa upande wa pili wa jiko, kukaachwa nafasi ya upana wa kiganja nyuma yake. Vumbi na mafuta yaliyogandamana kwenye mabomba yalisuguliwa kwa brashi kavu, friji ikiwa imechomolewa. Pwani usitumie brashi ya chuma: ukikwangua rangi, hewa ya chumvi huanza kula bomba, na gesi ikitoka umepata hasara ya friji nzima.

Kidhibiti cha ubaridi kilikuwa kwenye 6. Waliweka kipimajoto ndani ya glasi ya maji katika rafu ya kati kwa usiku mmoja, wakashusha namba hadi 3, na maji yakabaki kwenye nyuzi 4. Walipima ndani ya maji kwa sababu hewa ya friji hubadilika kila mlango unapofunguliwa, na kipimo chake hudanganya.

Choo kilipata kizibo kipya cha shilingi 250, na ukoko ukasuguliwa kwa siki. Waya wa pampu, uliopasuka ganda kwa jua na kufungwa kwa utepe, ulibadilishwa pia. Huo haukuwa wa kuokoa stima. Waya wazi karibu na kisima unaua.

Birika la stima lilibaki, ila chai ya asubuhi ikaanza kuchemshwa mara moja na kutiwa kwenye chupa ya chai, badala ya kila anayeamka kuchemsha lita nzima kwa kikombe kimoja. Kulikuwa na pendekezo la kuhamia makaa. Lilikataliwa, na sawa lilivyokataliwa: gharama iliyohamia kwenye gunia la makaa haijaokolewa.

Feni hazikunyimwa mtu. Katika nyumba ya mabati bila dari, kumwambia mzee azime feni mwezi wa Februari ni ukatili. Kilichobadilika ni kwamba feni ya chumba kisicho na mtu huzimwa, kwa sababu feni haipoozi chumba, hupooza ngozi ya aliyekaa chini yake. Vilevile kidhibiti kimoja cha ukutani, cha aina ya zamani inayopata moto ukiweka namba ndogo, kilibadilishwa. Aina hiyo hupunguza mwendo kwa kuchoma stima iliyobaki kuwa joto, basi kuweka feni kwenye 1 hakukuwaokolea kadiri walivyodhani.

Matokeo

Julai uniti 88, Agosti 84, Septemba 86. Kwa siku: friji 1.0, feni 0.8, pampu 0.3, televisheni 0.3, taa 0.2, birika 0.15, pasi 0.1.

Likaja na jingine ambalo familia haikulitarajia. Tangu Aprili 2023, wateja wa majumbani Kenya wamegawanywa madaraja matatu: wasiopita uniti 30 kwa mwezi, wa 31 hadi 100, na wanaopita 100. Daraja hufuata wastani wa miezi mitatu, na bei ya kila uniti hupanda pamoja na daraja. Nyumba hii ilikuwa daraja la juu. Wastani uliposhuka chini ya 100, tokeni ya shilingi 1,000 iliyokuwa ikileta uniti 33 ikaanza kuleta 38. Matumizi yalikuwa yamepungua kidogo zaidi ya nusu. Malipo yalipungua zaidi, kutoka shilingi 5,400 hivi kwa mwezi hadi 2,300 hivi.

Kaskazi ilipoanza, hesabu ilipanda. Desemba 97, Januari 104. Feni zilikuwa zikizunguka usiku kucha, na friji nayo hufanya kazi zaidi jiko likiwa na joto.

Uchambuzi

Kilicholeta mabadiliko makubwa ni kusoma mita watu wakiwa wamelala. Mchana matumizi yamechanganyika na huwezi kusema nani amekula nini. Usiku hubaki vyombo vinavyojiendesha vyenyewe, na hivyo ndivyo vinavyofanya kazi saa 24. Pasi ya wati 1,200 inatisha ikitazamwa mita, lakini dakika kumi zake ni uniti 0.2. Friza ya wati 150 haimtishi mtu, na ilikula mara nane ya pasi.

Kosa la baba la kuzima friji halikutokana na uzembe. Alilenga chombo sahihi, friji kweli ilikuwa mla stima wa pili. Alichokosea ni kutibu dalili. Friji ilikula sana kwa sababu ilivuja ubaridi mlangoni na kukosa hewa mgongoni, na kuizima hakukuziba mlango. Kwa kuwa hakuna aliyepima ndani kwa kipimajoto, hakuna aliyejua samaki walikuwa wakilala kwenye joto gani.

Mpangilio wa pasi ulikwama. Ilikubaliwa sare zote zipigwe pasi Jumapili kwa mkupuo, ili joto la pasi litumike mfululizo. Baada ya wiki tano ikarudi ilivyokuwa, kila mtoto na pasi yake alfajiri, ingawa kwa mara chache kidogo. Mpango uliomtegemea kila mtu kukumbuka haukudumu. Vilivyodumu ni vile vilivyofanywa mara moja vikaisha: mpira, kizibo, kuhamisha friji, kuzima friza.

Friza nayo ilitunzwa vibaya mwanzoni. Ilifungwa kifuniko mara tu ilipozimwa, ndani mkiwa na unyevu, na baada ya wiki mbili ikawa na ukungu na harufu. Ilibidi isafishwe kwa maji na magadi, ikauke juani, kisha kifuniko kiinuliwe kwa kipande cha mti ili hewa ipite. Hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwekwa tangu siku ya kwanza.

Lililobaki ni paa. Mabati bila dari ndiyo yanayofanya feni zizunguke usiku kucha wakati wa kaskazi, kwa kuwa joto la mchana hushuka moja kwa moja chumbani. Dari ya mbao nyepesi kwa vyumba vitatu haikuwa ndani ya uwezo wao mwaka huo. Waliamua kuanza na chumba cha nyanya, na kupaka mabati ya upande huo rangi nyeupe kabla ya Desemba nyingine, huku Januari ya 104 ikiwa imeandikwa daftarini ili kuwe na kitu cha kulinganisha nacho.